Mikunjo ya Bokoboko

Yaarub alipokwenda kusoma Malaysia
aliniachia funguo za gari, deni la simu,
na mbwa.
Si mbwa wa kulinda, si mbwa wa kuwinda:
bonge la nyama lenye uso uliokunjamana
kama nguo zilizosahauliwa kapuni,
hukoroma mchana kuliko marehemu mume wangu usiku.
Jina lake la Kizungu halikai mdomoni mwangu.
Nikamwita Bokoboko.
Akaitika.

Nilimwambia mwanangu: mimi simgusi.
Nitamwekea maji, nitamfungulia mlango, basi.
Siku ya tisa nyumba nzima ya Al Khuwair ikanuka
kitu baina ya samli iliyochacha na soksi.
Nikatafuta panya nyuma ya friji.
Nikainua busati. Nikawashuku majirani na shuwa lao.
Kumbe harufu imekaa juu ya zulia, inanitazama.

Daktari Preethi, kule Ghubra,
akatia kidole katika mkunjo juu ya pua,
akakitoa, akanionyesha: unyevu wa rangi ya kutu.
"Mama, hapa upepo hauingii,
na pasipoingia upepo huvunda.
Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kausha.
Kukausha ndiyo dawa.
Kufuta bila kukausha ni kuupalilia ugonjwa."
Akamgeuza. Chini ya kimkia kilichojisokota
mna shimo jingine, nalo lina yake.
Astaghafirullah, nikasema.
"Na hapo pia," akasema. "Kila siku."

Basi nikajifunza, uzee huu.
Glavu. Kitambaa cha kufutia, kingine cha kukaushia.
Uso mwanzo, mkia mwisho, na ole wako ukivichanganya.
Halafu kati ya vidole, anapojilamba
hadi manyoya yamegeuka rangi ya chai.
Kuku nimemkatia, kuku humwasha;
anakula jodari wa kuchemsha na boga,
tena kwa kipimo cha kikombe,
maana mwili ukizidi pumzi hupungua,
na pumzi zake huyu, tangu azaliwe, ni za kukopa.
Kisha natoka uani
naosha mikono mara saba, moja kwa udongo
wa chungu cha mrehani.
Mrehani wenyewe umebaki mizizi nje,
kama meno ya kizee.

Kiangazi hatutoki ila baada ya sala ya alfajiri,
nami kwanza huweka mgongo wa kiganja juu ya lami:
nisipofika kumi, turudi ndani.
Lami ya Maskati haisahau jua, hata usiku.

Jumatano ile umeme ukakatika saa nane mchana.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza.
Nilimsikia kabla sijamwona:
si mkoromo ule, ni msumeno kwenye ubao mbichi.
Ulimi nje, rangi ya zambarau.
Glavu zilikuwa wapi? Sijui.
Nilimbeba, kilo ishirini na sita,
na goti langu hili bovu,
nikamlaza sakafuni bafuni, nikafungua bomba,
na bomba la Julai, mnajua, latoa maji ya chai.
Nikarudi mbio kwa katoni ya maji ya kunywa,
chupa baada ya chupa, tumboni, makwapani, nyayoni.
Upepeo wa ukili wa mama yangu,
ambao miaka thelathini umetundikwa ukutani kama picha,
nikauteremsha, nikampepea.
Vuta, nikamwambia. Vuta, mwanangu.
Neno limeshatoka, sikulirudisha.

Ulimi ukarudi waridi kidogo kidogo.
Taa zikawaka. Akanyanyua kichwa
akanilamba, kidevu mpaka sikio.

Magharibi Yaarub akapiga simu:
"Mama, bado humgusi?"
Nilikuwa uani, udongo hadi viwikoni,
udongo shavuni.
Subiri, nikamwambia, nipo mara ya tano,
usinipotezee hesabu.